Mtaro Ulioishia Mpakani

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kumzika baba mdogo, nikarudi na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Keti nikusimulie, rafiki yangu, maana nikiimeza hii itanichoma. Tulikuwa chini ya mahema pale kilimani kwetu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Nyaramba. Msomaji wa wasifu akainuka, akasema marehemu alikuwa mfano wa kujitolea, kwamba ndiye aliyeuchimba ule mtaro mrefu wa juu unaozuia kilima kisiporomoke, na kwamba aliuchimba kwa hiari yake kwa ajili ya majirani. Kulikuwa na wanafunzi wa sekondari waliovaa fulana mpya za kijani. Mwalimu wao akawapandisha juu wauone mtaro, wakapigwa picha wakiwa wameshika majembe yasiyo na hata chembe ya udongo, wakashuka chakula kikiwa tayari. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa kuwa nilikuwa nimeketishwa mstari wa mbele kando ya mjane, na mtu mzima hazui kioja matangani.

Kwa hiari yake! Mtaro ule niliuchimba mimi. Niliuchimba na wenzangu wa kidato cha tatu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, viganja vikitutoka damu, na baba mdogo huyo huyo alisimama mbele yetu na panga mkononi tusiumalize. Lakini ngoja nianzie mwanzo, nisije nikakuchanganya.

Enzi hizo nilikuwa naishi na nyanya, mama yake baba. Baba alikuwa mtoto wake wa kwanza, akifanya kazi ya reli huko Nakuru, na mama alikuwa naye pamoja na wadogo zangu. Mimi niliachwa nyumbani ili nisome na ili nyanya asikae peke yake. Baba mdogo, kitinda mimba wake, alikuwa na boma lake ng'ambo tu ya ua, na tulikuwa tukisikia kila jogoo wake akiwika.

Lazima ujue jinsi mashamba yetu yalivyokaa. Kwetu shamba ni utepe. Linaanzia kileleni na kushuka moja kwa moja mpaka kijitoni, ili kila nyumba ipate malisho ya juu, migomba ya katikati na maji ya chini. Mzee akiwagawia wanawe anakata kwa urefu, na kila kizazi tepe zinazidi kuwa nyembamba. Utepe wa nyanya ulikuwa katikati. Upande wa kulia kulikuwa na jirani yetu, mama mmoja Mkatoliki aliyefiwa na mumewe kama yeye. Upande wa kushoto ni baba mdogo, na mara tu baada ya baba mdogo kulikuwa na korongo la mawe matupu. Maji yaliyoingia korongoni yalishuka mpaka kijitoni bila kumgusa mtu.

Nyumba ya nyanya ilikuwa chini kidogo ya kilele, ndani ya migomba. Hata leo nikifumba macho naisikia harufu ya moshi wa jiko lake. Alikuwa akichemsha chinsaga, ile mboga yetu chungu, anamwaga maji ya kwanza, anatia maziwa, anaiacha ndani ya chungu mpaka kesho yake uchungu uishe. Tuliila na ugali wa wimbi, mzito, wa rangi ya udongo, ambao ukiula asubuhi hukumbuki njaa mpaka jua linashuka. Kabla ya shule nilichuma pareto, yale maua meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu, na vidole vilikuwa vikiniwasha mpaka somo la mwisho. Jioni ilikuwa maji, kushuka kijitoni na debe, kupanda na debe kichwani, mteremko mkali. Nikilalamika, nyanya alinipa debe jingine.

Shule yetu ilikuwa upande wa kuelekea Sironga, shule ya harambee, kuta za udongo na bati juu. Wazazi waliijenga kwa mikono yao. Mvua ikianza saa nane mchana, na kwetu mvua ina saa zake, mwalimu aliweka chaki chini kwa sababu hakuna aliyemsikia. Jiografia tuliyokuwa tukisomeshwa ilikuwa ya Ulaya. Niliweza kuchora bonde lililochongwa na barafu, mimi ambaye barafu sijaiona, na sikujua kwa nini uani kwetu nguzo zote zilikuwa zimeinamia bondeni.

Ndipo akaja mwalimu wa jiografia kutoka Machakos, kijana mwembamba, tai shingoni na buti za mpira miguuni, kiangazi na masika. Ekegusii, lugha yetu, hakukijua hata kidogo. Na Kiswahili cha wazee wetu kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kuondoka. Basi akihitaji kuzungumza na watu wa kilimani, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Wiki ya kwanza alifunga kitabu, akasema tutoke nje. Akatupeleka kwenye mti mmoja ambao shina lake lilikuwa limepinda chini kisha likainuka wima. Akauliza nani ameupinda. Wengine wakasema ng'ombe, wengine upepo. Akasema ni kilima chenyewe, kwamba udongo wa juu unatembea polepole, mwaka hadi mwaka, na mti unapambana usianguke. Akatuambia udongo wetu umelala juu ya mwamba kama blanketi juu ya kitanda kilichoinama, na ukinywa maji mengi unakuwa mzito unateleza. Alitupa ndoo za maji tumwage mahali penye nyasi na mahali palipo tupu, tupime tope lililoshuka. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba nilichokanyaga kila siku nikienda kuteka maji kilikuwa elimu. Nilimpenda mwalimu yule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye wa damu yangu, na nalisema hilo bila haya.

Siku moja alitupandisha kilimani kwetu kufanya mazoezi. Juu ya nyumba ya nyanya, kama hatua thelathini hivi, tukakuta ufa. Ulikuwa umejikunja kama mwezi mchanga, na ungeweza kutia mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Mimi niliujua siku zote. Nyanya alikuwa akiuziba kwa majivu na maganda ya ndizi. Mwalimu alichuchumaa pale, akapima kwa kamba, akaandika. Kisha akanieleza waziwazi kwamba mvua kubwa ikiingia katika ufa ule, kipande chote kitashuka na nyumba ndani yake.

Alitaka mambo mawili. La kwanza, nyanya ahame kwa muda. Nilipomfasiria nyanya alicheka, akasema ameolewa hapo, amezalia hapo, na kilima hakijawahi kumwambia aondoke. Likabaki la pili: mtaro uchimbwe juu ya ufa, ukinge maji yote ya kileleni na kuyapeleka pembeni mpaka korongo la mawe. Mwalimu hakwenda kuomba serikali. Alituuliza sisi darasani nani atajitolea, na mikono yote ikainuka.

Siku ya kazi ndiyo iliyotusumbua. Jumamosi nusu ya darasa ni Wasabato, hawashiki jembe. Jumapili Wakatoliki wako misani mpaka saa sita. Ijumaa jioni Wasabato wanajiandaa tena kwa Sabato. Mwalimu alijikuna kichwa, akacheka, tukakubaliana Jumatano saa za michezo na Jumapili alasiri.

Sasa sikiliza makosa yetu, maana hata sisi tulikosea, na hilo linanikera zaidi. Mwalimu alitengeneza kipimo cha miti mitatu, kimefungwa kama herufi A, kamba katikati na jiwe likining'inia, ili kutuonyesha mtaro upite wapi. Kila alipopima, kigingi kilipigwa, na kwa kuwa pale ni kwetu, vigingi alinipa mimi. Nikapiga vigingi kutoka kwa jirani, nikapita kwa nyanya, nikaingia kwa baba mdogo mpaka korongoni. Na miaka hiyo ndiyo wapima ardhi walikuwa wakizunguka vilimani kwa ajili ya hati za mashamba, ndugu wa tumbo moja hawaamkiani, kila mtu akilinda mpaka wake. Halafu mtoto wa kaka mkubwa anapita katika shamba la mdogo mtu akipiga vigingi! Mwalimu angejuaje? Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye kamba na jiwe.

Kosa la pili lilitoka kwa nyanya. Kwetu watu wakikusanyika kulimia mtu, risaga kama tunavyoiita, kazi huanzia kwa yule aliyewaita na kuwapikia. Zamani ilikuwa pombe ya wimbi. Nyanya alikuwa Msabato, akapika uji, ndizi na chinsaga, sufuria baada ya sufuria. Mwalimu akasema tuanzie korongoni, upande wa baba mdogo, ili maji yawe na pa kutokea tangu siku ya kwanza. Nyanya aliposikia aliweka mwiko chini. Watu wale chakula chake kisha waende kuanzia kwa mwingine? Hiyo ni kusema chungu chake kimedharauliwa. Mwalimu alijaribu kueleza mara mbili, nami nikafasiri mara mbili. Nyanya akasema maji yatangoja. Mgeni afanye nini mbele ya mama wa watu? Akainamisha kichwa, tukaanzia upande wa jirani kuja kwa nyanya, tukitumaini kufika korongoni kabla ya masika.

Na tulichimba, rafiki yangu. Wavulana walishindana kwa kutupa udongo, wasichana tukawashinda. Tuliimba nyimbo za kanisani za Wasabato na za Wakatoliki zikichanganyika, kila upande ukijaribu kuumeza mwingine. Jirani alituletea ndizi mbivu kwenye ungo. Mwalimu alichimba pamoja nasi, tai ameitia mfukoni, na aliposhika kijiko akaionja chinsaga kwa mara ya kwanza, uso wake ulituchekesha wiki nzima. Mtaro ulinifika kiunoni. Sijawahi kufanya kazi nyingine maishani ikanipa raha ile.

Jumapili ya nne tukafika mpakani. Vigingi vyote vya ng'ambo vilikuwa vimeng'olewa, vimefungwa mzigo kama kuni. Baba mdogo alikuwa amesimama hapo na panga. Zilibaki hatua arobaini tu kufika korongoni.

Alinisemesha kwa Kiswahili, ili mwalimu asikie. "Mwambie baba yako, akitaka shamba langu la juu aje mwenyewe kutoka Nakuru. Asinitumie mtoto na vijiti."

Mwalimu alimsihi. Alimchorea kilima chini kwa kidole, akamwambia ashike kipimo mwenyewe, apige vigingi mwenyewe, aandikiwe karatasi kwamba mtaro si mpaka. Baba mdogo akasema leo ni mtaro, kesho wapima watauita mpaka, na juu ya mtaro ataandikwa kaka yake. Najua watu wengi walinyang'anywa ardhi miaka ile, na labda hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini pale chini, mbele ya macho yake, ilikuwa nyumba ya mama yake. Moshi wa jiko lake ulikuwa ukimpitia usoni.

Kesho yake alikwenda kwa chifu, na chifu akaja kwa mwalimu mkuu. Wazee nao wakakumbuka matuta waliyochimbishwa na mkoloni kwa kiboko, wakaanza kusema shule imerudisha kazi ya mzungu. Mwalimu mkuu, ambaye alimwogopa chifu kuliko alivyomwogopa Mungu, alitukusanya akasema wazazi wanalipa karo ya mtihani, hawalipi karo ya kuchimba mashimo. Mwalimu wa jiografia akapigwa marufuku kutoka na wanafunzi nje ya ua wa shule.

Aliniita baada ya vipindi. Hakuwa na utani siku hiyo. "Mtaro usio na mwisho ni mbaya kuliko kukosa mtaro," aliniambia. "Maji yote ya kileleni yatakuja kusimama pale mpakani, juu ya nyumba. Kama hawataki uishe, ufukieni kabla mvua haijaanza."

Nilikwenda nyumbani nikashika jembe. Nilikuwa nimefukia kama hatua tano nyanya alipopanda juu, akaniondolea jembe mkononi taratibu.

"Watoto wa watu wamenichimbia hapa mpaka wakatoka damu," alisema. "Wamekula kwangu wakashiba. Nikiifukia kazi yao nitakuwa nimewatapisha."

Nami nikaacha. Ningenyang'anyana jembe na nyanya? Nilikwenda kwa baba mdogo nikampigia magoti. Alikuwa akianika pareto kwenye majamvi, na hakuinua macho. Akasema wapima wakishapita ataangalia.

Wapima hawakuja upesi, na mvua ikawatangulia. Ilinyesha siku tatu mfululizo, na siku ya nne, mnamo saa tisa mchana, nilikuwa napanda kutoka kijitoni na debe langu. Nilisikia kama lori linamwaga mawe, lakini halimalizi kumwaga. Nikainua macho nikaiona migomba yetu ikitembea. Ilishuka ikiwa imesimama wima, hatua kadhaa, kisha ikalala yote kwa pamoja, na nyuma yake nyumba, jikoni, ghala, mbuzi, vyungu, kila kitu. Nyanya alikuwa upande wa jirani akimfungua ng'ombe, na hilo ndilo lililomwokoa. Nilimkuta amesimama kwenye mvua ameshika kamba, akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kilima kilikuwa kimekatika kuanzia pale pale mtaro ulipoishia. Kwa baba mdogo haukuanguka hata mgomba mmoja.

Unajua nani alilaumiwa? Mwalimu. Walisema mgeni ameangusha kilima kwa mtaro wake, na kinachonikata maini ni kwamba nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Nusu ya pili hawakuisema. Shule ilipofunguliwa baada ya likizo hakuwapo, amehamishwa, na hatukuagana. Wapima walipokuja walikuta utepe wa nyanya ni udongo mwekundu na mwamba, hauna mmea wala mpaka, wakauandika pamoja na wa baba mdogo. Baba yangu alikuja kutoka Nakuru akafoka siku mbili, likizo ikaisha, akapanda gari akarudi kazini. Halafu baba mdogo, sasa mali ikiwa yake, akakodi vibarua watatu wakamalizia zile hatua arobaini. Ziliwachukua siku mbili. Siku mbili, rafiki yangu, na ndio mtaro anaosifiwa.

Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe. Ni mwiko. Kwa hiyo baba mdogo alimwekea nyanya kitanda katika banda la pareto, na vumbi la maua yale lilimtoa machozi mchana kutwa hata mtu asijue kama analia. Moto aliomba kwa mkamwana. Chumvi aliomba kwa mkamwana. Hakuwahi kupika tena chinsaga, maana chungu cha kuilaza kilikuwa chini ya kilima.

Mimi nilisoma kwa hasira, nikawa mwalimu wa jiografia. Miaka yote niliyofundisha niliwatoa wanafunzi nje, nikagombana na wakuu wa shule watatu kwa ajili hiyo. Sasa nimestaafu na naona madarasa hayatoki tena. Watoto wanajua maporomoko ya nchi za mbali kupitia simu, na kilima wanachokitazama dirishani hawakijui. Miti ile iliyopinda imekatwa, imepandwa mikaratusi ya kuuza nguzo. Risaga imekufa, mtu akitaka kulimiwa anakodi vibarua. Kujitolea kumekuwa fulana na picha.

Nilipomaliza chuo nilikwenda kumwambia nyanya kwamba nimepata kazi ya ualimu. Nilimkuta ameketi mlangoni pa banda, macho mekundu. Akanishika mkono, akauliza kama kazi hiyo itanikutanisha na walimu wa kila upande. Nikasema ndiyo.

"Basi ukimwona yule wa Machakos, mwambie hakukosea," alisema. "Mimi ndiye niliyetaka waanzie kwangu. Mwambie anisamehe."

Nilimtafuta. Niliandika barua, niliuliza kila mwalimu kutoka huko niliyekutana naye kwenye kusahihisha mitihani, na sikumpata. Nyanya alikufa akiniuliza kama ameshajibu. Katika kilima kile kizima, tangu chifu mpaka mwalimu mkuu mpaka baba mdogo, aliyeomba msamaha ni mmoja tu, naye ndiye aliyepoteza kila kitu.